Saa Saba Jukwaani

Juma hili tuzungumze juu ya kazi ya kupiga muziki jukwaani. Siku hizi tumezoea kumwona msanii akipanda jukwaani, wimbo unafunguliwa kwenye kompyuta, naye kazi yake ni kufungua na kufunga mdomo. Lakini wapo vijana, hata huku kwetu Hasamba, Vwawa na Tunduma, ambao bado wanatamani kuwa na magita na ngoma zao wenyewe. Hao wanapaswa kujua habari za jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka.

Ukivuka Tunduma umeingia Nakonde, Zambia. Mbele sana katika nchi hiyo, kwenye miji ya migodi ya shaba kama Kitwe na Ndola, vijana wa miaka ya 1970 walianza kupiga roki. Walisikia sahani za Waingereza na Wamarekani, wakachanganya na midundo ya kwao. Baadaye muziki huo ukaitwa Zamrock. Kundi lililovuma kuliko mengine lilijiita WITCH, yaani mchawi, na herufi hizo zilikuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Hebu fikiria tangazo la namna hiyo limebandikwa ukutani pale Mlowo! Mwimbaji wao alikuwa Emmanuel Chanda, aliyepewa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones.

Onyesho lao liliweza kuanza saa moja jioni na kuendelea hadi saa nane usiku. Saa saba! Mtu aliyelipa kiingilio kutoka katika mshahara wa mgodini hakutaka nyimbo sita kisha aambiwe kwaheri. Kwa hiyo wimbo mmoja ulirefushwa, gita likapewa nafasi ya kusema peke yake, mpiga ngoma akashika zamu, na mwimbaji akarukaruka mpaka shati likalowa.

Kwa nini wajitese hivyo? Kwa sababu jukwaa ndilo lililokuwa shamba lao. Sahani ziliuzwa chache. Ile ya kwanza ya WITCH, iliyoitwa Introduction, waliiuza wenyewe katika maonyesho yao. Rais Kaunda aliagiza redio ipige muziki wa Kizambia kwa asilimia 95, jambo lililowapa vijana hawa jina kubwa. Lakini jina halinunui nyuzi za gita.

Huku Tanzania mambo yalikuwa tofauti kidogo. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilikuwa chini ya shirika la usafiri. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na mwanamuziki alipokea mshahara. Anayejitegemea hana mwajiri wa kumkimbilia. Kiingilio kikikusanywa mlangoni, kwanza atolewe mwenye ukumbi, kisha gari, kisha vyombo vya kukodi. Kinachobaki wanagawana watu watano. Mvua ikinyesha usiku huo, hawagawani kitu.

Ndivyo Zamrock ilivyovunjika. Kuanzia 1975 bei ya shaba iliporomoka, mfuko wa mchimbaji ukakauka. Vita vya Rhodesia navyo vikavuka mpaka. Zikaja nyakati za kuzima taa na kukatazwa kutembea usiku, bendi zikalazimika kupiga mchana. Dansi la mchana! Watu wako kazini, na jua linaua starehe yenyewe. Jagari aliondoka katika bendi akaenda kufundisha, na baadaye akawa mchimbaji wa vito. Kisha Ukimwi ukawachukua wengi wa wenzake wa awali.

Miaka mingi baadaye wakusanyaji wa sahani huko Ulaya na Marekani wakaanza kuzitafuta zile sahani chache kwa fedha nyingi, zikachapwa upya, na wenye kumbi wakamtaka mwimbaji mwenyewe. Mwaka 2019 ikatoka filamu juu yake. Akaanza kuzunguka Ulaya, nyuma yake wakiwamo vijana wa Uholanzi waliojifunza nyimbo hizo kwenye sahani, pamoja na Patrick Mwondela, mpiga kinanda aliyejiunga na WITCH mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2023, Jagari akiwa amepita umri wa miaka 70, walitoa albamu mpya, Zango. Waliirekodi Lusaka, katika studio ileile waliyoitumia ujanani.