Kahawa ya Kikombe Kimoja: Faida na Khasara za Mashine ya Kapsuli

Kila chombo kipya kiingiapo nyumbani huja na mambo mawili: raha yake na gharama yake. Raha huonekana siku ile ile ya kununuliwa. Ama gharama hukawia, ikaja kidogo kidogo mpaka mwenye nyumba akashituka. Katika vyombo vya zama zetu hizi, mfano mmoja ulio wazi ni ile mashine ndogo ya kahawa ya kapsuli, itoayo kikombe kimoja kimoja kwa kubonyezwa kitufe. Vijana wetu wengi, khasa wale wakaao Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, huitia katika orodha ya vitu vya nyumba mpya. Yafaa basi tuipime kwa uadilifu, tutaje wema wake na ubaya wake, ili anunuaye anunue kwa kujua, na aachaye aache kwa kujua.

Tulialikwa siku moja mjini Muscat, katika nyumba ya vijana wawili waliooana karibuni, watu wa jamaa zetu wasemao Kiswahili. Tulikuwa wageni tisa. Baada ya kula tende na halua, kijana mwenye nyumba akasimama kwa furaha kutuonyesha mashine yake mpya. Kikombe cha kwanza kilikuja upesi, kina povu na harufu njema, akapewa mzee wetu. Kisha tukangoja cha pili, na cha tatu. Mzee alikwisha kunywa na kukiweka kikombe chini, na mtu wa tano bado hajapata chake. Kilipokwisha kutoka cha sita, kijana akarudi mikono mitupu, amejaa haya.

"Niwie radhi, ami," akasema, "kapsuli zimekwisha."

Mzee akacheka kwa upole, akamwambia, "Hapana neno, mwanangu. Dele la mamako mmeliweka wapi?"

Dele likatolewa kabatini, kahawa ikapikwa kwa iliki, na baada ya kitambo watu wote tisa wakawa wananywa pamoja, na ikabaki ya kuongezea.

Tulipokuwa twarudi, mmoja wetu alisema kwamba mashine ile ni upuuzi mtupu. Hatukukubaliana naye. Chombo hakilaumiwi kwa kushindwa na kazi ambayo hakikutengenezewa. Swali la haki ni hili: kimetengenezewa kazi gani, na je, kazi hiyo ndiyo haja ya nyumba yetu?

ASILI YA MASHINE HII

Katika Uswisi alikuwako mhandisi wa kampuni ya Nestlé, jina lake Eric Favre. Yeye ndiye aliyebuni njia ya kutia kahawa iliyosagwa ndani ya kikopo kidogo kilichofungwa, kisha kuyapenyeza maji ya moto kwa nguvu ya pampu. Haki ya uvumbuzi huo iliandikishwa mwaka 1976, na mwaka 1986 kampuni ikaanza biashara yake kwa jina la Nespresso. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, John Sylvan na Peter Dragone walianzisha kampuni ya Keurig mwaka 1992. Mashine zao ziliingia maofisini mwaka 1998, baadaye zikafuata majumbani.

Utendaji wake ni mwepisi kuufahamu. Kapsuli ina kahawa kidogo, kadiri ya gramu 5 au 6 katika zile ndogo za Uswisi, na zaidi ya hizo katika zile za Marekani. Ukiitia mashineni na kukifunga kifuniko, sindano huitoboa. Maji yaliyopashwa moto hupita ndani yake na kutoka upande wa pili yakiwa kahawa. Kikombe hujaa kabla ya dakika moja au mbili kupita, na mabaki hubaki ndani ya kapsuli. Hapana kusaga, hapana kupima, wala hapana chungu cha kuosha.

Jambo moja laonekana katika khabari hii. Makao yake ya kwanza huko Marekani yalikuwa ofisi, mahali ambapo kila mtu hunywa kwa wakati wake na kwa ladha yake. Chombo hiki kilifikiriwa kwa ajili ya mtu mmoja.

FAIDA ZAKE

Kwa mtu mmoja, faida zake ni za kweli. Mwanafunzi akaaye chumbani peke yake ugenini, muuguzi arudiye nyumbani usiku wa manane, mtu aamkaye kula daku na watu wote wamelala, hao hupata kikombe chao bila ya kuwasha jiko wala kuwaamsha wengine. Mzee ambaye mikono yake yatetemeka huweza kubonyeza kitufe mahali ambapo kuliinua birika la maji yachemkayo kungemtia hatarini. Na katika nyumba ambayo mume ataka kahawa kali na mke ataka nyepesi, kila mmoja huchagua kapsuli yake.

Faida ya pili ni kipimo. Mashine huchemsha kadiri ya maji yatakiwayo tu, na kahawa ni ile ile iliyopimwa kiwandani. Wengi wetu hupika birika zima, tukanywa nusu, na nusu ikamwagwa. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Quebec huko Chicoutimi, nchini Kanada, walilinganisha njia mbalimbali za kupika kahawa, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya madhara kwa mazingira hutoka katika kuikuza kahawa yenyewe shambani. Basi atumiaye kahawa nyingi kupita haja, au aipikaye akaimwaga, aweza kudhuru kuliko mwenye kapsuli. Yatupasa tulikiri hili, tusije tukaisema mashine kwa uchafu ilhali sisi wenyewe twamwaga kahawa kila asubuhi.

KHASARA KWA MFUKO

Ama khasara, ya kwanza ni bei. Anunuaye hutazama bei ya mashine, akaiona ni nafuu, naye hajui kwamba mashine ni mlango tu wa kuingilia dukani. Ziko mashine ziuzwazo kwa bei ndogo makusudi, kwa kuwa faida ya muuzaji imo katika kapsuli zitakazonunuliwa mwaka baada ya mwaka. Wahenga wamesema haba na haba hujaza kibaba. Kadhalika haba na haba hukimaliza kibaba.

Tuwape wasomaji wetu hesabu iliyo nyepesi. Ikiwa kapsuli ina gramu 5 za kahawa, basi kilo moja ni kapsuli 200. Itwae bei ya kapsuli moja, uizidishe mara 200, nawe utaijua bei ya kilo ya kahawa unayoinunua. Kisha enenda kwa muuza kahawa wa mtaani kwenu, umuulize kilo moja iliyokwisha kukaangwa na kusagwa ni kiasi gani. Linganisha hesabu mbili hizo, nasi hatuna haja ya kuongeza neno. Na nyumba inywayo vikombe sita kwa siku hutumia kapsuli 2,190 kwa mwaka mmoja, ambazo kahawa yake yote haifiki kilo 11.

John Sylvan mwenyewe, mmoja wa walioianzisha Keurig, aliulizwa na gazeti la Marekani mwaka 2015 juu ya uvumbuzi wake. Alisema kwamba nyumbani kwake hana mashine hiyo, kwa kuwa kuitumia ni ghali, na kwamba mara nyingine hujuta kuibuni. Ushahidi wa fundi juu ya kazi ya mikono yake haufai kupuuzwa.

KHASARA YA KUFUNGWA

Khasara ya pili ni kufungwa kwa muuzaji mmoja. Kapsuli ya mashine hii haiingii katika mashine ile. Mwaka 2014 Keurig ilitoa mashine mpya iliyokuwa ikiitambua alama iliyo juu ya kifuniko cha kapsuli. Isipoiona, hukataa kupika. Waliozoea kapsuli za bei nafuu za kampuni nyingine, na waliokuwa na kikopo cha kujazia kahawa yao wenyewe, wakajikuta wamezuiwa katika jiko lao. Wanunuzi walikasirika, mauzo yakapungua, na mwaka 2015 mkubwa wa kampuni akakiri kwamba walikosea kukiondoa kikopo hicho, kikarudishwa.

Yapasa tupate funzo. Mwenye dele hupika kahawa ya Bukoba, au ya Kilimanjaro, au ya Yemeni, akatia tangawizi au iliki apendavyo, na duka moja likifungwa huenda jingine. Mwenye mashine hupika kile alichoandaliwa.

KHASARA YA TAKA

Khasara ya tatu ni taka. Kila kikombe huacha kikopo. Mwaka 2016 mji wa Hamburg, katika Ujerumani, ulikataza fedha za umma kununulia kapsuli za kahawa kwa ofisi za serikali yake, wakitoa hoja kwamba gramu 6 za kahawa hufungwa kwa gramu 3 za vifungio.

Wauzaji husema kwamba kapsuli zaweza kuyeyushwa na kufanywa vitu vipya. Neno hilo lina ukweli, illa lina masharti. Aluminiamu ni madini mazuri kwa jambo hili, kwani kuiyeyusha iliyokwisha kutumika huhitaji kadiri ya sehemu 5 tu katika 100 ya nguvu zitakiwazo kuitengeneza mpya. Lakini sharti kapsuli ikusanywe na irudishwe, na wengi huitupa jaani. Za plastiki zina tabu zaidi, kwa sababu kifuniko, chujio na machicha huwa vimeshikamana pamoja. Mwezi wa Januari mwaka 2022, Keurig ilikubali kulipa faini ya dola milioni 3 za Kanada, baada ya mamlaka ya ushindani wa biashara ya nchi hiyo kuona kwamba iliwaambia watu kapsuli zake zinaweza kutumika upya, ilhali miji mingi haikuwa ikizipokea. Basi kabla ya kuliamini neno lililoandikwa juu ya boksi, uliza mjini kwako: nani azipokea, na wapi?

Kwa Waislamu neno hili si geni. Tumehalalishiwa vinywaji vizuri, na papo hapo tumekatazwa israfu. Nasi tumefundishwa tusifuje maji hata tukitawadha penye mto uendao. Mwenye kuuchunga mkono wake penye mto hawezi kuwa mzembe penye pipa la taka.

KHASARA KWA WAGENI

Limebaki jambo la nne, nalo ndilo tuliloliona Muscat. Mwanachuoni Abdul-Qadir al-Jaziri, aliyeandika juu ya kahawa katika karne ya 16, amehifadhi khabari za masufi wa Yemeni waliokuwa Cairo. Walikuwa wakiinywa usiku wa dhikri. Kahawa imo katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, na kiongozi wao huichota kwa kata ndogo akiwapa mmoja mmoja kwa upande wa kulia. Na mwaka 2015 Shirika la UNESCO liliitia kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa wanadamu, kuwa ni alama ya ukarimu, kwa ombi la Oman, Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu. Katika pwani yetu pia, kahawa ya barazani hutoka katika dele moja, wakanywa tajiri na maskini, mwenyeji na mpita njia.

Kahawa ya namna hiyo haihesabu vichwa. Mgeni wa kumi akiingia, hupata. Penye kapsuli, mwenye nyumba huanza kuhesabu: zimebaki ngapi, na wamekuja wangapi? Tabia ya kumhesabia mgeni kikombe ikizoeleka nyumbani, watoto huirithi, na khasara hiyo haipimwi kwa dola wala kwa riali.

SHAURI LETU

Hatusemi kwamba mashine hii ni haramu, wala hatumcheki aliyenayo. Ukiwa peke yako, au mna mgonjwa au mzee wa kusaidiwa, na vikombe vyenu ni viwili au vitatu kwa siku, yaweza kuwafaa. Chagua ile inayokubali kapsuli za kampuni nyingi, na ununue kikopo cha chuma cha kujaza mwenyewe. Kusanya kapsuli za aluminiamu uzirudishe panapopokelewa. Machicha yake yafaa kutiwa bustanini. Iondoe chokaa ndani yake kwa wakati, na usiache maji yalale tangini.

Ukiwa na nyumba ya watu wengi, na mlango ambao wageni hawakomi, fedha ile nunua dele zuri, kinu cha kusagia, na chupa ya kuhifadhia moto. Vitatu hivyo vitakaa miaka mingi, wala havitakudai kitu kila mwezi.

Nao vijana wetu wa Muscat, tulipopita kwao tena, hawakuiuza mashine yao. Ipo jikoni, na mume huitumia alfajiri kabla ya kwenda kazini. Lakini dele limetoka kabatini, limekaa mezani barazani, na mkewe amejifunza kwa mama yake kipimo cha iliki. Tulikuwa wageni kumi na mmoja siku hiyo, na hapana aliyehesabu.