Kiazi kitamu na ugonjwa wa sukari: kilichopimwa ni ganda, si sahani

Je, mtu wa sukari akila viazi vitamu, sukari yake itashuka? Swali hili ni la maana kwa wakaaji wa Bukavu, Uvira na Goma, ambako kiazi hakikosekani sokoni. Sehemu ya jibu inatoka mbali, Japani.

Katika milima ya jimbo la Kagawa, watu walizoea kula kibichi aina moja ya kiazi kitamu cheupe, wakiamini kinatuliza ugonjwa huo. Watafiti wakachunguza ganda lake (kwetu hilo tunawatupia mbuzi) na kutoa ndani yake arabinogalaktani-protini. Ni protini iliyobeba matawi mengi ya sukari, hasa galaktozi na arabinozi.

Ndiyo, sukari. Tofauti iko kwenye namna ilivyofungwa. Wanga wa kiazi ni mnyororo wa glukozi. Mate na utumbo vinaukata upesi, na glukozi inaingia katika damu. Mnyororo wa galaktozi umefungwa kwa namna ambayo mwili wa mtu hauwezi kuukata. Unashuka mzima hadi utumbo mkubwa, na huko vijidudu ndivyo vinaula. Panya wa maabara waliopewa protini hiyo walishuka sukari.

Na kwa watu? Mjini Vienna, Austria, kundi la munganga Bernhard Ludvik lilitangaza mwaka 2004 jaribio la wagonjwa 61. Nusu yao walikunywa gramu 4 za dawa ya kiazi hicho kila siku kwa wiki 12, wengine dawa ya bandia. Kwa nusu ya kwanza, sukari ya asubuhi kabla ya kula ilitoka miligramu 143,7 kwa desilita hadi 128,5. Lakini tuangalie vizuri: wote walikuwa wanajitunza kwa chakula tu. Hakuna aliyeambiwa aache vidonge.

Mwaka 2013, shirika la Cochrane lilikusanya majaribio 3 yenye watu 140, likasema ushahidi hautoshi.

Kiazi cha sahani ni habari nyingine. Ni wanga, kinapandisha sukari, na kilichochomwa kwenye makaa kinaipandisha haraka kuliko cha kuchemsha. Mwenye kifaa apime kabla ya kula, kisha saa 2 baadaye, na ampelekee munganga namba hizo mbili kabla ya kugusa vidonge au insulini yake.