Balozi, Parachichi na Nzi wa Matunda

Wakazi wa Kimuka, magharibi mwa Ngong kwenye barabara iendayo Suswa, hawahitaji kuelezwa uzito wa mkopo wa China, kwa kuwa reli ya kisasa iliyofunguliwa Oktoba 2019 kwa fedha za Benki ya Exim ya nchi hiyo imekata ardhi ya Kajiado na kupenya handaki la Ngong, lenye urefu wa kilomita 4.5. Kisichoonekana ni upande wa pili wa hesabu, yaani kile ambacho Kenya inaiuzia China ili ipate cha kulipia, na mzigo huo humwangukia balozi anayetumwa Beijing.

Ugumu wake unadhihirika katika tunda moja. Mnamo Aprili 2019 China ilikubali kupokea parachichi la Kenya, lakini kwa itifaki, yaani mapatano ya masharti ya afya ya mimea, iliyotaka tunda limenywe ganda, ligandishwe hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, kisha lisafirishwe katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Mkulima mdogo wa Murang'a angetoa wapi mtambo wa namna hiyo? Wasafirishaji wengi pia hawakuwa nao, na soko lililoshangiliwa likabaki la wachache. Aliyesababisha yote hayo ni nzi wa matunda, mdudu atagaye mayai ndani ya tunda na kuliozesha. Na hapa pana kinaya kisichopitika kimya, kwa sababu nzi aliyewasumbua zaidi wakulima, ambaye aligunduliwa Kenya mwaka 2003, asili yake ni Asia, na kusini mwa China anajulikana vyema.

Itifaki ya parachichi lisilogandishwa ilitiwa saini Mombasa Januari 2022, wakati wa ziara ya Waziri wa Mambo ya Nje wa China, Wang Yi, na shehena ya kwanza ikaondoka Agosti. Balozi wakati huo alikuwa Sarah Serem, aliyewahi kuongoza Tume ya Mishahara na Marupurupu. Aliyemrithi, Willy Bett, alisimamia kampuni ya mbegu ya Kenya Seed kabla ya kuwa Waziri wa Kilimo kati ya 2015 na 2018, kwa hiyo alifika Beijing akiwa tayari anajua karantini ya mimea ni nini na shamba hukaguliwaje, ujuzi ambao katika meza ya namna hii una thamani zaidi kuliko ufasaha wa hotuba. Hata hivyo wote wawili waliingia katika diplomasia wakitoka katika kazi nyingine. Balozi anapoondoka, nani hubaki na kumbukumbu ya mazungumzo, na nani anasoma waraka wa Kichina bila mkalimani?

Kimuka, ambako mali ni ng'ombe, mbuzi na kondoo, ina swali lake: nani anajadili masharti ya nyama na ngozi kwa subira ile ile iliyotumika kwa parachichi? Wizara ya Mambo ya Nje inapaswa kulijibu kabla ya kumteua balozi mwingine.