Bolti ni nzima, mkokoteni umeachia: shida iko kwenye tobo

Msimu uliopita mkulima mmoja wa huku Momba alinipigia simu: mkokoteni umeachia mteremkoni, magunia ya mahindi yamemwagika, maksai mmoja kachubuka mguu. Nilipofika nikakuta bolti haina hata mkunjo. Kilichotoka ni kipande cha mbao kati ya tobo na ncha ya mti wa mbele, kimechomoka kama droo. Na tobo lile, niseme ukweli, mimi ndiye niliyemwambia alitoboe pale, sentimita 3 tu kutoka kwenye ncha.

Nilikosea kwa sababu nilifikiria chuma. Kwenye chuma, umbali wa mara mbili ya unene wa bolti unaweza kutosha. Chuma kikizidiwa kwenye tobo kinalegea kidogo na kuugawa mzigo. Mbao haiko hivyo, wala faiba. Hizi mbili ni ndugu: zote ni nyuzi zilizoshikwa na gundi. Kwenye mbao gundi ni ya asili na nyuzi zote zimelala kwa urefu wa mti. Kwenye faiba nyuzi ni za kioo, gundi ni rezini. Nguvu iko kwenye nyuzi. Gundi ni dhaifu, na bolti ikivuta karibu na ncha inateleza katikati ya nyuzi, ikisukuma kipande chote nje. Ndicho kilichotupata.

Kuna kuvunjika kwingine. Tobo likiwa kubwa kwenye ubao mwembamba, ubao unakatika pale pale, kwa sababu nyuzi zilizobaki pembeni ni chache. Bapa la faiba lisipowekwa washa, kichwa cha bolti kinapenya. Angalia bampa za faiba kwenye malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, utaona nyufa zinazoanzia kwenye tobo la bolti. Afadhali ni tobo linalopanuka polepole, kwa sababu linakupigia kelele. Ukisikia ko-ko-ko kila maksai wakianza kuvuta, simama ukague.

Sasa vipimo. Kwa bolti ya milimita 12 kwenye mbao, acha angalau mara 7 ya unene wake hadi kwenye ncha, yaani milimita 84. Kwenye faiba yenye nyuzi za pande zote, mara 3 hadi ukingoni, milimita 36, na bapa liwe na upana wa mara 6 hivi, milimita 72. Kwenye mbao, tobo lizidi bolti kwa milimita moja tu. Kwenye faiba liwe la kubana zaidi.

Halafu ile tabia yetu ya kutoboa kwa nondo ya moto! Yaani unachoma nyuzi zile zile zinazotakiwa kubeba mzigo. Tumia drili, na nyuma yake weka kipande cha ubao ili upande wa pili usichanike. Tafuta pia bolti ambayo sehemu inayokaa ndani ya tobo ni laini. Meno ya bolti yanasaga nyuzi kama msumeno.

Kukaza kupita kiasi hakusaidii, washa inazama kwenye mbao. Ila mbao iliyofungwa masika husinyaa kiangazi, na nati inalegea yenyewe. Kabla ya kubeba mahindi, pitia nati zote na spana.

Tulichofanya kwa yule kijana: tulitafuta mti mpya, tukatoboa sentimita 10 kutoka kwenye ncha, tukabana na bapa la chuma kila upande, na ndani ya tobo tukapaka oili chafu ili maji yasiingie. Amebebea mavuno yote yaliyobaki. Nati amekaza mara mbili.