Uzito ni dawa: kamba, setilaiti ndogo na mawe ya Masisi na Walikale

Mgonjwa aliyelala kitandani miezi miwili kwa ajili ya mguu uliovunjika hutetemeka siku ya kwanza ya kusimama. Misuli imenywea, na mfupa umepungua nguvu. Mfupa ni kitu hai: ukibebeshwa uzito hujijenga, usipobebeshwa mwili huubomoa taratibu na kutoa madini yake kwa njia ya mkojo.

Wanaanga hupatwa na hali hiyohiyo, tena kwa kasi zaidi. Bila kinga ya kutosha, mfupa wa nyonga hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi. Ndiyo maana hufanya mazoezi karibu saa 2 kila siku. Si kwamba uvutano wa dunia haufiki kwenye kituo chao cha angani; kituo na waliomo wanaanguka pamoja kuizunguka dunia, kwa hiyo hakuna sakafu inayowasukuma miguuni. Safari ya kwenda Mirihi huchukua kama miezi 6 hadi 9. Atakayeshuka huko akiwa na mifupa dhaifu atasimamaje?

Jibu moja linaweza kuonyeshwa na mtoto yeyote wa milima ya Masisi, hapa kwetu mashariki mwa Kongo. Chukua kopo la maziwa lenye maji, lifunge kamba, lizungushe kwa nguvu juu ya kichwa. Maji hayamwagiki, kwa sababu yanakandamizwa kwenye kitako cha kopo. Ukiunganisha vyombo viwili vya angani kwa kamba na kuvizungusha, aliye ndani atahisi uzito miguuni vivyo hivyo.

Urefu wa kamba ndio muhimu. Kuzunguka kwa kasi sana huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa mizunguko 2 kwa dakika, chombo kinapaswa kuwa mita 85 hivi kutoka kitovu cha mzunguko ili kupata uvutano wa Mirihi, ambao ni asilimia 38 ya wetu. Kupata uzito wa duniani, zinahitajika mita 224.

Jambo hili limewahi kujaribiwa. Septemba 1966, wanaanga wa Marekani Pete Conrad na Richard Gordon, wakiwa katika chombo cha Gemini 11, walijifunga kwa kamba ya mita 30 na chombo cha Agena, wakazunguka polepole. Uzito uliopatikana ulikuwa mdogo mno kuhisiwa mwilini, lakini kamera walipoiachia ilisogea yenyewe hadi nyuma ya chumba. Kamba yenyewe ilikuwa kazi ngumu: ililegea, ikayumba, ikachukua muda kutulia.

Ili kujifunza tabia ya kamba bila kuhatarisha mtu, mwaka 2008 Mars Society, chama cha wapenzi wa Mirihi kilichoanzishwa Marekani, kilichagua mpango wa TEMPO3: setilaiti ndogo ya kujengwa na watu wa kujitolea, igawanyike vipande viwili vilivyofungwa kamba, vizunguke na kupima uzito unaozaliwa. Setilaiti ndogo kiasi hicho hujengwa kwa visanduku vya sentimita 10 kila upande. Jirani zetu wameshaziweza: ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa angani Mei 2018, na PearlAfricaSat-1, iliyojengwa na vijana watatu wa Uganda huko Japani, ikafuata Desemba 2022.

Nasi tumo humo, ingawa hatutajwi. Koltani ya Rubaya, Masisi, hutoa tantali, inayotumika kutengeneza kapasita ndogo zenye kuhifadhi umeme mwingi. Kasiterite ya Bisie, Walikale, hutoa bati la kulehemu vifaa vya umeme. Kwa kazi za angani, bati huchanganywa na madini ya risasi, maana likiwa peke yake huweza kuota nywele nyembamba za bati zinazounganisha nyaya zisizopaswa kugusana.

Wengi wanaotoa mawe hayo hufanya kazi chini ya vilima vinavyoporomoka, katika ardhi inayopiganiwa. Rubaya ilitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Machi 2025 mapigano yalisimamisha mgodi wa Bisie kwa wiki kadhaa. Watoto wa wachimbaji hao wanastahili usalama, na wanastahili pia kujua mawe yao yanafanya nini. Mwalimu anaweza kuanza na kopo, kamba na simu mbovu iliyofunguliwa mbele ya darasa, ili kapasita na bati vionekane.