Kipaza Sauti cha Kasida: Maneno Kwanza

Mfunguo Sita unapokaribia, kamati za madrasa zetu huanza kuchangisha fedha za vyombo vya sauti. Aghalabu fedha hizo huishia kwenye spika kubwa, na kipaza sauti kikanunuliwa kwa masalio. Sisi twaona mambo yamepinduliwa. Spika haitoi isichopewa. Kina mama wanaoketi nyuma ya pazia, au ua wa pili, hupata kile tu kilichonaswa. Tari likiifunika kasida, wao huondoka na kishindo bila maneno.

Vipaza sauti vitumikavyo zaidi ni vya aina mbili. Cha dainamiki hakihitaji kupelekewa umeme, huvumilia kishindo na misukosuko, na hufaa kwa sauti iliyo karibu nacho. Shure SM58, kilichotoka mwaka 1966, ni cha jamii hii. Cha kondensa kina sikio jepesi zaidi, nacho huhitaji umeme, mara nyingi volti 48 kutoka mashine ya kuchanganyia sauti. Hunasa vyema pumzi laini ya nai, lakini hunasa pia tari la jirani na upepo wa bahari. Katika chumba kimya ni hazina. Katika uwanja uliojaa watu, cha dainamiki ndicho salama.

Tuzingatie kasida isomwayo kwa matari na nai, kama ilivyo ada katika Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Tari lina nguvu zake. Katika ua mdogo halihitaji msaada. Msomaji ndiye wa kutangulizwa, kipaza kikiwa vidole vitatu kutoka mdomoni, kwani kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Nai hutoa sauti mdomoni na matunduni pia. Basi kipaza chake kikae umbali wa shubiri moja, kando ya njia ya pumzi. Na vipaza viwili visikaribiane: umbali baina yao uwe angalau mara tatu ya ule ulio baina ya kipaza na msomaji wake.

Ama ule mlio mkali uudhio masikio, dawa yake si kupunguza sauti pekee. Tuchague kipaza kisikiacho mbele na kuziba nyuma, kisha mgongo wake uelekezwe kwenye spika. Vijana nao waonywe wasikifumbate kichwa, kwani kikifumbatwa husikia kila upande, na mlio hurejea.

Kabla ya kulipa, kamati iazime kipaza kwa jioni moja. Wasomaji wasome, matari yapigwe, na bibi mmoja aketi nyuma ya pazia. Kisha aulizwe ubeti aliousikia. Akiweza kuurudia, kipaza hicho kinafaa kununuliwa kwa mchango wa wazazi.