Ganda la Risasi na Chumba Chake

Hapa kwetu Ngokolo, katika Shinyanga, hapana mkulima asiyejua kutia mpini katika jembe. Tundu la mpini likiwa pana mno, jembe hucheza wala halipigi pale alipokusudia mwenye kulima. Likiwa jembamba mno, mpini hupasuka. Hapana budi kimoja kimfae mwenzake. Leo twataka kueleza kwamba jambo hilo hilo ndilo linaloamua kama bunduki ya shabaha itapiga sawa, na kama mpigaji atarudi nyumbani na macho yake mawili.

Kwanza tutazame gobore la wazee wetu. Baruti ilimiminwa kwa mdomo wa mtutu, kisha kitambaa, kisha risasi, na vyote vikashindiliwa kwa mti. Nyuma ya mtutu palikuwa pamezibwa kabisa, isipokuwa tundu dogo la kupitishia moto. Kwa hiyo mwenye gobore hakuhitaji kipimo kikali. Lakini bunduki za siku hizi hufunguliwa nyuma, nayo risasi hutiwa huko nyuma. Mlango uliofunguliwa sharti uzibwe, ama moto utamrudia mpigaji usoni.

Kizibo hicho ni ganda la risasi. Risasi kamili ina vitu vinne: kichwa kinachoruka, baruti, fataki inayowasha baruti, na ganda linaloshika vyote vitatu. Ganda hufanywa kwa shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu sehemu 70 na zinki sehemu 30. Shaba hii ilichaguliwa kwa sababu ina tabia mbili njema: hutanuka bila kupasuka upesi, kisha hurudi nyuma kidogo.

Baruti iwakapo, mvuke wake hulisukuma ganda pande zote. Katika bunduki ya .303, waliyoichukua askari wa K.A.R., ambao wazee wetu waliwaita Keya, nguvu hiyo ni karibu tani 18 juu ya kila inchi moja ya mraba. Kuta za ganda hutanuka, zikashikamana na kuta za chumba cha risasi, ambacho mafundi hukiita chemba. Hapo mvuke hauna njia ya kurudi nyuma. Kichwa kikiisha kutoka mtutuni, nguvu hushuka, ganda hunywea kidogo, na mpigaji huweza kulitoa.

Sasa tufikiri: itakuwaje kama chumba ni kidogo mno? Risasi haiingii, au huingia kwa kulazimishwa, na ganda likiisha kutanuka hunasa. Mwaka 1885, huko Abu Klea katika Sudan, askari wa Kiingereza waliokuwa na bunduki za Martini-Henry walipatwa na msiba huo vitani. Maganda yao yalikuwa ya shaba nyembamba iliyokunjwa, nayo yalinasa ndani ya bunduki zilizopata moto. Baadaye maganda yakafanywa ya shaba nzima isiyokunjwa.

Na kama chumba ni kikubwa mno? Hapa ndipo penye hatari iliyofichika. Kuta za mbele za ganda ni nyembamba, nazo hushikamana na chumba. Kitako chake ni kinene, hakishikamani, bali hurudi nyuma mpaka kikutane na komeo la bunduki. Kukiwa na nafasi kubwa kati ya kitako na komeo, ganda huvutwa huku na huku, likawa jembamba kama pete mahali palipo juu kidogo ya kitako. Likivutwa mno, hukatika hapo, na mvuke hupata njia ya kumfikia mpigaji.

Nafasi hiyo ni ndogo ajabu. Risasi ya .303 huzuiliwa na ukingo wa kitako chake. Unene wa ukingo usizidi sehemu 64 za inchi iliyogawanywa sehemu elfu, na nafasi ya kuukalia haikuruhusiwa kupita sehemu 74. Tofauti ni sehemu 10 tu, yaani kama unene wa nywele tatu za kichwani! Kwa hiyo bunduki ya Lee-Enfield No. 4 ilifanyiwa vichwa vya komeo vya namna nne, vyenye alama 0, 1, 2 na 3, ili fundi abadilishe mpaka kipimo kikae sawa.

Pengine msomaji atauliza, mbona jeshi halikufanya chumba chenye kubana? Jibu ni kwamba askari hupigana katika tope na vumbi, kwa risasi za viwanda vingi. Kwake ni afadhali risasi iingie kila mara, hata kama inacheza kidogo. Mpiga shabaha hutaka jambo jingine. Risasi ikilala ovyo chumbani, kichwa huanza safari kimeinama, leo huku, kesho kule. Kosa la dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, ni kama inchi moja kwa yadi 100, lakini ni zaidi ya inchi 10 kwa yadi 1,000. Ndiyo maana bunduki zinazopelekwa kushindana Bisley, Uingereza, ambako wapiga shabaha wa Kenya nao wamekwenda, huchongwa chumba kwa kipimo cha karibu sana.

Ganda lina kazi nyingine pia: kuzuia maji. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliipiga meli ya Kijerumani Rubens katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Baadaye Wajerumani waliopoa shehena yake baharini, pamoja na risasi nyingi. Lakini maji ya chumvi yalikuwa yamepenya. Ikawa kazi kuzifumua risasi, kukausha baruti na kuzifunga tena, na hata hivyo nyingi hazikulia. Askari akifyatua bunduki isilie mbele ya adui, ndipo ajuapo thamani ya mdomo wa ganda uliobana.

Basi tushike mambo haya. Risasi isiyo ya bunduki hiyo isitiwe kamwe, hata ikiingia, wala isizungushiwe karatasi ili ienee. Chumba kifutwe mafuta kabla ya kupiga, kwa kuwa ganda lenye mafuta huteleza badala ya kushikamana, na mzigo wote huliangukia komeo. Risasi zisiachwe katika jua letu kali, maana joto huzidisha nguvu ya baruti. Na ganda lililotoka likionyesha pete inayong'aa karibu na kitako, bunduki hiyo iwekwe chini mpaka fundi mwenye kibali aipime.

Mpini usiofaa humwumiza mkulima kiganja. Ganda lisilofaa halimwonyi mtu mara mbili.